Nimeamka, Dizeli

Jenereta lilikohoa, likatema moshi kwenye ukuta uliokwisha kuwa mweusi, kisha likashika. Dizeli akaachia swichi. Hakukaa. Kiti chake cha plastiki kilikuwa na madumu juu yake tangu mwaka juzi, na hakuona haja ya kuyaondoa. Alisimama katikati ya banda, simu mkononi, akihama mguu huu kwenda mguu ule kama mtu anayengoja zamu ya choo. Ghorofani, kompyuta za bohari zilikuwa zikijikongoja kuamka.

Simu ikatetemeka.

"Nimeamka, Dizeli. Nenda kanywe chai."

Ndipo mabega yakashuka. Akausoma tena, ingawa maneno hayakubadilika hata siku moja, kisha akairudisha simu mfukoni na kwenda kumimina chai.

Ujumbe huo uliandikwa na mtu aliyekwisha kufa, ukatumwa na kitu kisicho mtu. Mkewe alikuwa fundi wa programu hapo bohari ya dawa. Zahanati huagiza dawa kwa simu, na kompyuta ya stoo haielewi lugha ya simu. Wakubwa walinunua mfumo mkubwa wa kuunganisha mambo, wakapiga picha nao, na baadaye sana ndipo mtu alipouliza kama unaweza kusikilizana na zahanati. Haukuweza. Ulikuja na viungo vyake vya tayari, vya kuunganisha vitu ambavyo bohari haikuwa navyo. Basi mkewe akakaa kitini akaandika kiungo chao wenyewe, kipande kidogo cha programu cha kuchomeka kwenye ule mfumo. Kinasikiliza zahanati huku, kinatafsiri, kinaiambia stoo kule.

Na kwa kuwa umeme ulikatika kila siku, na kwa kuwa mumewe, fundi wa jenereta, alizoea kupanda ngazi na viatu vyenye oili kuuliza, "Zimewaka?", akakiwekea kiungo tabia moja ya ziada. Kila kinapoamka, kinamtumia Dizeli ujumbe. "Usinichafulie ngazi," alimwambia. "Kikiamka kitakwambia chenyewe."

Halafu akaanza kushika ubavu. Akaomba ruhusa aende hospitali. Mkurugenzi akamwambia, kwa sauti laini kabisa, "Ukienda wewe, hiki kitu nani anakielewa?" Akangoja. Akaomba tena. Ruhusa ilipotoka, daktari alimtazama mgonjwa, akamtazama Dizeli, akavua miwani.

Tangu siku hiyo Dizeli hakumwita mkurugenzi kwa cheo chake. Alimwita Kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi cha ofisi yake ndicho kilichokunywa nusu ya nguvu ya jenereta, na kwa sababu bwana mwenyewe hakuonekana nje ya baridi yake mpaka kuwe na mgeni wa kupokewa.

Binti yake alishuka bandani Jumatano. Alirithi kazi ya mama yake, kiti kilekile, meza ileile yenye alama ya kikombe. Dizeli hakupenda, lakini nani alimuuliza?

"Baba, una nafasi?"

"Nafasi ninayo. Kiti ndicho sina."

Binti akatazama madumu, akatazama balbu iliyowaka mchana kweupe juu ya kichwa cha baba yake. Mama yake angepiga kelele. Yeye aliizima tu. Baba akaiwasha.

"Ijumaa tunakitoa kiungo cha mama," alisema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe, au Kiyoyozi kasema kwa kinywa chako?"

"Baba, usianze. Hakijui majina ya dawa mpya. Zahanati ikiagiza dawa mpya, kinaliweka agizo pembeni na kunyamaza."

"Mama yako hakunyamaza hata siku moja maishani mwake, iwe leo kiungo chake ndicho kinyamaze?"

Binti akacheka bila kutaka. "Ndiyo hivyo. Na mfumo wenyewe unakuja toleo jipya, halitakipokea. Nimeandika kingine. Kipo tayari."

Dizeli akazunguka jenereta, akagusa boliti isiyohitaji kuguswa. "Hebu nieleze. Hicho kingine kinafanya nini ambacho cha mama yako hakiwezi kufundishwa?"

Binti akafikiri jinsi ya kusema. "Chukua ule mfumo kama ukuta wenye soketi. Ukuta haujali ndani ya kifaa chako kuna nini. Unajali plagi tu. Na plagi ya kiungo ni maswali matatu: unaamkaje, ukipewa ujumbe unaufanyaje, na unalalaje. Ukiyajibu yote, unachomekwa. Ukuta huu mpya umebadilisha matundu. Plagi ya mama haiingii."

"Unaamkaje," Dizeli alirudia taratibu. "Na hicho chako kinaamkaje?"

"Kinaandika kwenye skrini ya mkurugenzi kwamba kimeamka."

"Kwenye skrini ya Kiyoyozi."

"Ndiyo utaratibu, Baba. Wewe hutasumbuliwa tena na simu."

Dizeli akageuka kulitazama jenereta kwa muda mrefu kiasi kwamba binti alidhani limeharibika. Angeweza kusema hapohapo. Lakini aanzie wapi? Mwanamume wa umri wake amwambie mwanawe kwamba anaishi kwa ujumbe wa mashine? Kwamba siku umeme usipokatika huwa anazunguka yadi kama kuku aliyepoteza banda, na siku nyingine amewahi kuukata yeye mwenyewe kusudi, aliwashe jenereta?

"Haya," alisema. "Nenda kazini."

Lakini yeye hakwenda kazini. Alipanda ngazi na viatu vyake vya oili, akapita kwa katibu bila salamu, akafungua mlango wa baridi.

"Nimekuja kwa habari ya kiungo cha mke wangu."

Kiyoyozi aliinua macho. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na alivaa sweta. Ndani ya nchi yenye jua namna ile, sweta!

"Kiungo cha bohari, mzee wangu. Karibu ukae."

"Sikai. Kwa nini Ijumaa?"

"Mgeni wa wizara anakuja Ijumaa. Anataka kuona mfumo mpya."

"Kwa hiyo mgeni akitaka kuona ukuta umepakwa rangi, mnambandua aliye hai ukutani."

"Mzee." Kiyoyozi aliweka kalamu chini. "Naelewa. Sote tulimpenda. Lakini mashine si kaburi."

"Kaburi unalijua wewe? Siku ya mazishi ulikaa garini, vioo juu."

"Nilikuwa na simu ya wizara."

"Wizara ilikupigia ukiwa makaburini?"

Kiyoyozi aliichukua kalamu yake tena. Kiyoyozi chenyewe, kile cha ukutani, ndicho kilichojibu kwa kunguruma. Dizeli alitoka, na mlangoni akahakikisha amekanyaga zulia vizuri, kisigino na kidole.

Usiku ule hakulala vizuri, na siku ya pili yake alishika spana akaiweka, akaishika tena. Mchana alimfuata binti mezani pake, jambo ambalo hakulifanya tangu kiti kibadilishe mtu.

"Kiache kikae kando," alisema.

"Nini?"

"Cha mama yako. Weka kipya chako, mgeni apige makofi, lakini cha zamani usikitoe. Kiwe akiba. Hawa wakubwa wakiharibu, mna pa kurudi."

"Viungo viwili kwenye foleni moja ya maagizo ni balaa, Baba. Agizo moja linasomwa na vyote viwili."

"Si ukiambie kisikilize tu, kisiseme?"

Binti akageuza kiti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa skrini, na alikuwa akijisugua ubavu bila kujua. Egemeo la kiti ndilo lililombana tu, lakini Dizeli aliuona ule mkono pale ubavuni na maneno mengine yote yakamtoka kichwani.

"Unaumwa?"

"Nimechoka. Kwa nini unakitaka hivyo?"

"Nimekwambia. Akiba."

Alimtazama baba yake, akaona mtu aliyesimama vibaya, mkono mmoja mfukoni ameikamata simu kama anayeogopa kuibiwa. Hakuelewa, au alielewa robo. "Ukuta wa zamani utabaki kwa muda karibu na mpya, hata hivyo," alisema. "Sawa. Wiki moja. Nakifunga mdomo, kisikilize tu. Usimwambie mkurugenzi."

"Mimi na Kiyoyozi tunaongea nini?"

Ijumaa mgeni alikuja, akaonyeshwa skrini, akauliza rangi ya kijani ina maana gani, akaambiwa ina maana mambo mazuri, akapiga makofi. Kiyoyozi alitoka nje ya baridi yake kumsindikiza mpaka garini. Umeme haukukatika siku nzima. Wala kesho yake. Wala Jumapili. Shirika la umeme lilikuwa limepatwa na adabu ya ghafla, na Dizeli alikuwa anaumwa na adabu hiyo. Alifagia banda. Alipanga madumu upya, juu ya kiti kilekile. Alitoa simu, akairudisha, akaitoa. Mara mbili alipeleka mkono kwenye swichi kubwa, na mara mbili akamkumbuka binti na ule mkono ubavuni, akaurudisha.

Jumatatu asubuhi umeme ukakatika wenyewe.

Hakutembea, alikimbia. Jenereta likakohoa, likashika. Akasimama katikati ya banda. Alijiambia kwamba pengine hakitaamka, kwamba kilichofungwa mdomo hakisemi, kwamba mtu mzima hapaswi kupumua hivi kwa ajili ya simu.

Simu ikatetemeka.

"Nimeamka, Dizeli. Nenda kanywe chai."

Dizeli alicheka peke yake. Aliyashusha madumu, akakaa. Alikunywa chai akiwa amekaa, mguu juu ya mguu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Nje, wapakiaji walijaza masanduku ya baridi kwenye gari la chanjo, na dereva, ambaye kila mtu alimwita Breki kwa kuwa hakuzitumia, akampungia mkono akatoka kwa kasi getini.

Alirudi mchana, na safari hii breki zilisikika. Aliruka chini kabla gari halijatulia.

"Nani amepanga mzigo wa leo? Mzee Dizeli, niambie, nani?"

"Kompyuta ndiyo inayopanga. Kuna nini?"

"Zahanati ya darajani nimewashushia masanduku, muuguzi akahesabu, akaniuliza kama nimelewa. Wameletewa maradufu! Friji yao ndogo kama kabati la viatu, nusu wameiacha ndani ya masanduku sakafuni. Nikapanda mlimani. Mlimani hawana kitu. Stoo imeandika chanjo zimekwisha. Zimekwisha vipi, na zipo sakafuni darajani?" Alifuta uso kwa kofia. "Akina mama wamekaa pale na watoto tangu alfajiri. Mmoja ananiuliza, nirudi kesho au nisirudi kabisa? Nimjibu nini? Mimi dereva."

Dizeli alipeleka mkono kwenye simu mfukoni. Hakuhitaji shule kujua maradufu ni kitu gani. Viungo vilikuwa viwili kwenye foleni moja.

Alipanda ngazi. Binti alikuwa amesimama mbele ya skrini, mikono kichwani.

"Kila agizo limetoka mara mbili," alisema bila kugeuka. "Tangu umeme uliporudi. Ile amri ya kukifunga mdomo niliiweka juujuu, Baba, sikuiandika mahali pa kudumu. Nilikuwa na haraka. Umeme ulipokatika ikapotea. Kiungo kilipoamka, kiliamka vilevile mama alivyokiumba, kikaanza kazi."

Kilipoamka. Wakati yeye anacheka bandani na mguu juu ya mguu.

Mlango ulifunguka, na Kiyoyozi akaingia na sweta lake, Breki nyuma yake akiwa bado anasema. "Nani aliyeruhusu viungo viwili?" aliuliza. Sauti ilikuwa ileile laini, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Mimi," alisema binti.

"Nilisema kitolewe Ijumaa. Ulinionyesha skrini ya kijani."

"Ndiyo."

"Basi sidhani kama unaweza kuendelea kukaa—"

"Mimi ndiye niliyemwomba," Dizeli alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama kwenye zulia, na viatu vyake vilikuwa na oili kama kawaida, lakini safari hii hakukusudia.

"Wewe? Kwa sababu gani?"

Dizeli alitoa simu. Alitaka kusema kitu kirefu. Mkono ndio uliotangulia. Akamwonyesha. Kiyoyozi akasoma, midomo ikitembea. Akapandisha kidole juu ya kioo, akakuta ujumbe uleule, na juu yake uleule, na juu yake uleule, mpaka kidole kikachoka.

"Kwa ajili ya hii?"

"Kwa ajili ya hiyo."

Binti alimnyang'anya Kiyoyozi simu, kitu ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kukifanya. Alitazama. "Baba. Ungeniambia."

"Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo!"

Breki alitazama dari. Kiyoyozi alikohoa. Kwa mara ya kwanza Dizeli aliuona uso wake ukikosa pa kwenda, lakini hakumwonea huruma, maana uso wa namna ile ulipaswa kuonekana makaburini.

"Kwanza chanjo zifike mlimani," Kiyoyozi alisema. "Masanduku yanashika baridi mpaka lini?"

"Mpaka kesho asubuhi," alisema Breki. "Nikienda sasa darajani nikazichukua zile za ziada, nafika mlimani kabla ya jua kuzama. Kama akina mama hawajaondoka."

"Nenda. Na hicho kitu kizimwe. Sasa hivi."

"Nalikata jenereta," Dizeli alisema, na tayari alikuwa mlangoni. Afadhali akiue yeye mwenyewe. Afadhali kwa mkono wake.

"Usikate!" Binti alipaza sauti. "Kina maagizo mkononi. Umeme ukikatika ghafla yanapotea, na zahanati zinadhani tumeyapokea. Kila siku tunakikata hivyo, kinakufa na kitu mdomoni. Kizimwe kwa adabu. Kiambiwe kilale, kimalize kilichonacho, kifunge."

Akakaa kwenye kiti cha mama yake, akaandika amri. Kidole kikabaki hewani.

"Baba, nibonyeze?"

Dizeli alirudi mpaka nyuma ya kiti. "Huyu," alimwambia Kiyoyozi, akimwelekezea binti, "hatoki hapa. Na hatakaa hapa peke yake. Kiti hiki kina mtu mmoja tangu kinunuliwe. Wa kwanza alikuomba ruhusa ukamuuliza nani mwingine anakielewa. Ulikuwa na muda wote huo wa kumtafuta huyo mwingine. Umemtafuta?"

"Tutaona, mzee."

"Tutaona!" Dizeli aliligeukia neno lenyewe kama limemkanyaga mguu. "Hilo ndilo neno lenu. Mkizaliwa mnapewa na maziwa. Sikiliza nikwambie—"

"Baba."

"Bonyeza, mwanangu. Bonyeza, bado naongea na bwana huyu."

Akabonyeza. Kwenye skrini mistari ilipanda mmoja mmoja, agizo baada ya agizo likiwekwa chini mahali pake, mpaka mistari ikasimama. Dizeli alikuwa ameshavuta pumzi ya sentensi nyingine, na hiyo ilikuwa na mazishi ndani yake, na vioo vya gari, na sweta.

Simu ikatetemeka mkononi mwa binti.

Hakuna jenereta lililowashwa upya. Hakuna kilichoamka. Binti hakuutazama ujumbe. Aliinyoosha tu simu kwa baba yake, na macho yake yalikwisha kujaa.

"Kila kiungo lazima kijue kulala," alisema. "Nilikusomea maswali matatu. Hili la tatu mama alilijibu pia. Niliwahi kuliona jibu lake ndani, nikadhani ulishalipata zamani, kumbe hakikuwahi kulazwa."

Dizeli alisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Nimelala, Dizeli. Zima taa, acha kugombana na watu."

Breki, ambaye alipaswa kuwa ameshaondoka, alikuwa bado mlangoni. Kiyoyozi alifungua mdomo, na Dizeli akamwinulia kidole, si kwa hasira, ni kama mtu anayesikiliza redio na hataki kelele. Akasoma tena. Pumzi aliyoivuta kwa ajili ya ile sentensi ilitoka polepole bila neno.

"Hilo la kwanza nitafanya," alisema mwishowe, akiiambia simu. "Hilo la pili sikuahidi."

Akamgusa binti begani, akampita Kiyoyozi bila kumsukuma. "Breki, twende. Nikusaidie kubeba masanduku, wewe huwa unayatupa."

"Mzee, na jenereta?"

"Ngoja."

Aliingia bandani. Jenereta lilikuwa likinguruma, na kiti kilikuwa kitupu pale alipokiacha, madumu chini. Alinyoosha mkono juu, akaizima ile balbu. Mchana ulikuwa umejaa mle ndani, wala hakuona tofauti yoyote. Nje Breki alishaanza kupiga honi, na Dizeli akaanza kumtukana kutoka hukohuko ndani, akitembea.